Punje Zilizotoka Mguuni

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa ukisukuma mashine. Nalisema hili mapema ili msiniulize kwa nini nilipiga kelele siku daktari aliposema mguu huo utakatwa. Wanawake wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, walinisema sana kwa kelele zile. Walisema mke wa watu hapigi mayowe hospitalini mbele ya wanaume. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akila kwa mguu wa mumewe.

Mwiba ulimchoma makaburini siku alipobeba jeneza la babake, naye hakuusema. Kidonda kilifunga, tukakisahau. Baadaye unyayo ukaanza kufura na kuwa mgumu, halafu ukatoboka matundu madogo madogo yaliyotoa maji na punje. Haukumuuma. Hilo lilinikera kuliko yote, kwa sababu mtu asiyeumwa haendi hospitali hata ukimsukuma. Kila nilipomwambia twende, alinijibu kwamba anamaliza suruali za makarani wa Kilindini, akimaliza tutakwenda. Suruali za makarani hazikuwa na mwisho. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha majuzi, bandarini kazi zilijaa, na kila kijana aliyeshuka kutoka bara kuja kuandika mizigo ya meli alitaka suruali ya kumkaa sawa.

Mimi ni mtu wa haraka tangu kuzaliwa. Mamangu alikuwa akisema kwamba nilitoka kabla mkunga hajavua buibui. Mume wangu alikuwa mtu wa taratibu, wa kupima mara mbili kabla ya kukata, na tulipooana watu walisema tutafaana. Labda. Lakini kuishi na mtu mtulivu hali roho yako inarukaruka ni kazi, msione hivi.

Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, tulikuwa tukiishi naye nyumba moja. Kidonda kilikuwa kazi yake. Kila alfajiri alimwita mwanawe chumbani kwake, akafunga mlango, akauosha mguu, akaukamua matunduni, akaufukiza udi, kisha akaufunga kitambaa cheupe. Nilipojaribu kuingia alinirudisha mlangoni. "Guu la mwanangu nalijua mimi," alikuwa akisema, nami nilirudi jikoni nikipiga sufuria zaidi ya ilivyohitajika.

Siku nilipofaulu hatimaye kuwafikisha hospitali, basi, mguu ule ulikuwa umepambwa kama bwana harusi. Ulinukia udi na marashi. Kwetu ilikuwa aibu kumwekea mtu baki kitu kichafu mbele ya uso, seuze daktari, na mavyaa alikuwa ameamka mapema kuliko siku zote ili aukamue mpaka usibaki na uchafu. Daktari alikuwa Mhindi, Mwislamu, mwenye miwani na Kiswahili cha kueleweka. Aliushika mguu, akaugeuza, akauliza, "Kuna dawa yoyote mmetia?"

"La, daktari," mavyaa akajibu kwa heshima zote. "Tumekuya kwako kwanza."

Daktari akakamua. Hakukutoka kitu. Akakamua tena, akatikisa kichwa, kisha akakichukua kitambaa kilichofunguliwa, akakipeleka dirishani kwenye mwangaza. Kitambaani palikuwa na punje nyeusi zilizoganda. Nilimwona uso wake ukibadilika.

Alitueleza vizuri, sina la kumlaumu. Alisema ugonjwa huu ni kuvu, jamaa ya ile inayoota kwenye mkate, ila hii huishi mchangani na huingia mwilini kwa mwiba. Ikishaingia hujikusanya ikawa punje, na rangi ya punje ndiyo inayosema ni kuvu ya namna gani. Nyeusi ni mbaya. Nyeusi haisikii dawa yoyote aliyokuwa akiijua yeye, na dawa yake ni kukata chini ya goti kabla haijala mifupa ya juu. Hapo ndipo nilipopiga zile kelele. Daktari aliniacha nikamaliza. Mume wangu alikuwa akiutazama mguu wake kama kitambaa cha mteja alicholetewa kikiwa na kasoro.

"Kabla sijampeleka kwa mpasuaji nitaziangalia punje kwa darubini," daktari akasema. "Kuhakikisha tu."

Siku hizi watu husema hadubini. Sisi tulikuwa tukiita darubini, ya mabaharia na ya madaktari, zote. Yake ilikuwa chumba cha pili, juu ya meza iliyosogezwa dirishani, nyeusi, yenye kioo kidogo chini cha kunasia mwanga wa jua. Mume wangu na mamake waliketi kwenye benchi la varanda. Mimi nilimfuata daktari, nikasimama mlangoni. Aliichukua punje moja, akaiweka kwenye kigae cha kioo, akatia tone la dawa, akaifunika kwa kigae kingine chembamba, akaibinya, kisha akainama na kuanza kuzungusha vigurudumu. Alikaa hapo hata nikadhani amelala. Nikaenda mpaka varandani, nikarudi. Nikaenda tena.

"Bibi, kaa au toka," akasema bila kuinua kichwa.

Sikukaa wala sikutoka. Nikamwuliza anaona nini.

"Sioni ninachotafuta. Kuvu ni nyuzi. Punje yake ni nyuzi zilizosokotana, ndiyo inavyojulikana. Hii ni nyeusi, lakini nyuzi hazimo. Ina ganda, na ina mafuta."

Akachukua punje nyingine kitambaani, safari hii akaisaga kwa ncha ya kisu. Harufu ikanifikia pale mlangoni. Kila Ijumaa nilikuwa nikinyunyiza kitu kile juu ya mikate. "Habasoda hiyo!" nikasema, na sauti yangu nadhani ilifika barabarani. Daktari akakisogeza kisu puani, akafumba macho kidogo. Akasema kwao huitia kwenye achari. Kisha akaniuliza taratibu ni nani aliyeitia mguuni, lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeshafika varandani.

"Mama, umemtia habasoda?"

"Polepole. Watu wakusikia."

"Na wasikie! Umemtia, hukumtia?"

"N'metia. Imepondwa kidogo, na asali. Kwani ni sumu?"

"Na daktari alipokuuliza?"

Mavyaa akanitazama kama kwamba mimi ndiye niliyefanya ya ajabu. "Wewe hukulelewa? Tabibu haambiwi kuwa mwengine ameshatia mkono. Ukimwambia wamvunja moyo, na mkono wake hauponyi tena."

Hakuyatunga hayo. Ndivyo tulivyofunzwa sote. Mtu akitoka kwa tabibu mmoja akaenda kwa mwingine, hufika kana kwamba ndiyo kwanza anaanza kuugua. Hata nyanyangu alikuwa hivyo. Lakini kwa adabu hiyo nusura mume wangu apoteze mguu kwa ajili ya mbegu za kutia kwenye mkate. Mume wangu akasema, "Mama alitaka kheri," kwa ile sauti yake ya kupimia nguo, nikatamani kuwazaba kofi wote wawili.

Daktari hakumgombeza mtu. Alikuja mwenyewe varandani, akachutama mbele ya mavyaa na kumwambia kwamba kosa si habasoda. Mpaka sasa, alisema, hajui kilichomo mguuni. Huenda ni punje nyeusi kweli, zikachanganyika na hizi, huenda ni nyingine. "Nataka uniletee mguu mchafu," akamwambia. Aliufunga yeye mwenyewe kwa kitambaa kilichochemshwa, akakaza mafundo, akasema hakuna kufungua, hakuna maji, hakuna moshi, hakuna kitu, mpaka tutakaporudi Alhamisi. Mavyaa aliitikia, lakini kwa uso wa mtu aliyeamrishwa atembee uchi sokoni.

Sijapata kuona siku ndefu kama zile. Mume wangu alikuwa akiswali swala zake zote msikitini, na kila akitia udhu ilimbidi apitishe mkono wa maji juu ya kitambaa tu, badala ya kuosha. Dini inaruhusu, yeye mwenyewe akijua, lakini alikuwa akirudi amekunja uso. Kisha mguu ukaanza kunuka. Jirani akija, mavyaa hukimbilia chetezo akatia udi pembeni mwa chumba, akaongea juu ya bei ya nazi bila kupumua. Mimi nilikuwa mlinzi. Nilikuwa sikai mahali. Nikiwa jikoni nasikiliza mlango, nikiwa mlangoni nasikia kitu uani, na chakula nilichokipika siku zile kiliungua kila mara bila mtu kuthubutu kuniambia.

Jumatano mchana nikaingia ghafla chumbani, nikamkuta mavyaa amepiga magoti na birika la maji, na fundo la kwanza limeshafunguliwa. Mume wangu alikuwa amelala usingizi wa mchana, hana habari. Nilifungua kinywa nimpigie kelele. Akaniinulia uso, nikaona machozi yanamchirizika.

"Yuwanuka mwanangu," akasema. "N'memzaa mimi. Yuwanuka, nami n'mekaa tu."

Nikaketi chini kando yake. Tukalifunga fundo lile pamoja, yeye akishika ncha moja na mimi ncha nyingine, halafu nikalichukua birika nikaenda kulimwaga kwenye mti wa asumini uani. Tangu siku ile hatukuwa maadui, ingawa kugombana tuliendelea.

Alhamisi daktari alifungua kitambaa, harufu ikajaa chumba kizima, naye akafurahi kama mtu aliyefunuliwa sinia la pilau. Kitambaani palikuwa na punje, na hakuna hata moja iliyokuwa nyeusi. Zilikuwa za rangi ya maziwa, ndogo kama chenga za mchele. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Daktari akanizuia. Alisema nyeupe si jibu bado. Nyeupe huweza kuwa kuvu ya nyuzi nene, nayo mwisho wake ni msumeno vilevile, au huweza kuwa ya nyuzi nyembamba mno, na hiyo kuna vidonge vya salfa, vilivyoenea wakati wa vita, ambavyo mara nyingine huishinda.

Akazibinya punje kwenye kigae. Akainama kutazama. Nikamwuliza nene au nyembamba. Nikamwuliza tena. Mwishowe akasimama, akaniambia, "Njoo uone mwenyewe, nipate kupumua."

Niliinama. Kwanza niliona kope zangu tu. Kisha mwanga, kisha kitu kama kipande cha ukoko kilichojaa nafasi yote, na pembezoni mwake vijinyuzi vyembamba sana, vinavyokuja na kupotea kila nilipovuta pumzi. Ndani ya mguu wa mume wangu kulikuwa na vitu vile, vikiishi maisha yao, na sisi tulikuwa tukila na kulala navyo nyumba moja.

"Nyembamba," nikasema.

"Nadhani," akasema daktari.

"Wadhani?"

"Nadhani. Mwanga wenyewe una mwisho wake, bibi. Vitu vidogo kupita kiasi hauvionyeshi sawasawa, hata lenzi ikiwa nzuri namna gani." Akaifuta miwani yake. Alinieleza kwamba ng'ambo kumetengenezwa darubini ya namna mpya, isiyotumia mwanga kabisa, hutumia nguvu za umeme, na kwamba ameona picha zake katika majarida ya madaktari. Alisema ile inaweza kuuchukua uzi mmoja ikauonyesha mkubwa kama kamba ya meli, na ngozi yake, na vilivyomo ndani. "Ningekuwa nayo," akasema, "pengine nisingesema nadhani."

"Basi iletwe," nikamwambia.

Akacheka, lakini si kwa kunidharau. Alisema mashine yenyewe ni kubwa kama kabati la nguo, na hajasikia hata moja iliyofika pande zetu. Nilimkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyeificha. Mpaka leo nikisikia watu wakisifu mashine ya namna ile, jambo la kwanza linalonijia ni hasira, kwamba ilikuwako duniani tayari na sisi tulikuwa tumesimama mbele ya kioo kile tukidhani.

Akamwita mume wangu, akampa habari zote bila kumficha. Akikubali kukatwa sasa, itakuwa chini ya goti, na ugonjwa utakwisha. Akitaka vidonge, atavila miezi mingi. Kama nyuzi ni nyembamba kweli, mguu utapona. Kama macho yamekosea, kuvu itakuwa inapanda kwenye mifupa wakati wote huo, na siku ya kukata itabidi kukata pajani. "Kwa goti utaweza kufungiwa mguu wa mti ukarudi kwenye cherehani," alisema. "Kwa paja, sikuahidi."

Mume wangu alifikiri kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano. "Nitakula vidonge," akasema. Basi. Akavaa kofia yake, akatoka nje. Njia nzima nilimsemesha, ana hakika, amefikiri, mbona hasemi, naye akinijibu, "N'meshasema." Nilimchukia kwa utulivu ule. Niliona kama amecheza kamari na maisha yetu, kisha akaenda kushona.

Vidonge vile vilitaka maji. Daktari alisisitiza sana jambo hilo: asipokunywa maji mengi, dawa itaganda kama chumvi kwenye mafigo, na tutamponya mguu tukamzika mwenyewe. Kwa hiyo kando ya cherehani pakawekwa mtungi na kikombe. Halafu Ramadhani ikaingia.

Mume wangu hakuwahi kula Ramadhani hata siku moja tangu alipobaleghe. Akataka kufunga. Akasema atakunywa maji usiku ya kutosha. Tulimburuta hospitali, na daktari, midomo imemkauka kwa saumu, akamwambia, "Mimi nimefunga. Wewe kunywa. Mgonjwa ana ruhusa, na ruhusa hiyo hukupewa na mimi." Akakubali, lakini akavuta pazia la duka, akawa anashona gizagiza wateja wasimwone na kikombe. Kwenye baraza akaacha kukaa. Nilidhani nitalazimika kumlinda tena, ila nafasi hiyo nilikuta imeshachukuliwa. Mavyaa alikuwa akiketi nyuma ya pazia kutwa, mzee aliyefunga, ulimi umemkauka, akimmiminia mwanawe maji na kukishikilia kikombe mpaka kiishe.

"Nwa," alikuwa akimwambia. "Nwa, mwanangu. Kama ni dhambi n'tabeba mimi."

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima. Nilichukua utepe wake wa kupimia nguo, nikauzungusha unyayoni, asubuhi, adhuhuri, jioni. Leo naona umepungua, nashangilia. Kesho naona umezidi, nakosa usingizi. Nilimwuliza kila saa kama anahisi kitu gotini, kitu pajani, mchomo, joto, chochote. Mwishowe akauficha utepe. "Wanichosha," akasema, nami nikalia nikamwambia yeye hana moyo, kwamba mguu ni wake na khofu yote ameniachia mimi. Akainamia mashine, akaendelea na mshono.

Idi ikapita, na miezi mingine ikapita, na mvua za masika zikaja zikaisha. Matundu yalifunga moja moja, mengine yakafunguka tena, na kila lililofunguka nilijiona nikimsukuma kwenye kiti mtu aliyekatwa pajani. Kisha siku moja daktari akakamua, hakukutoka kitu. Akakamua kwa nguvu. Hakuna. Akamgeukia mavyaa kwa jicho kali.

"Nani amesafisha?"

Mavyaa akainua mikono yote miwili juu. "Wallahi sikugusa! Muulize huyu, hunilinda kama askari."

Daktari hakuamini, na mimi pia, Mungu anisamehe, sikuamini. Aliufunga mguu kwa mafundo yake mwenyewe, akatwambia turudi Alhamisi. Tukarudi. Kitambaa kilitoka kikavu, cheupe, kama kilivyofungwa. Alikipeleka dirishani, akakigeuza upande huu na upande huu. Akachukua kigae chake cha kioo, akakiangalia, akakirudisha sandukuni.

"Sina cha kutazama," akasema.

Mume wangu akamwomba akamue tena, huenda zimejificha. Daktari akakamua tena kwa kumridhisha. Akamwambia aendelee na vidonge kwa muda, aje aonwe mara kwa mara, na avae viatu akienda makaburini. Mavyaa akamshika daktari mkono akaubusu, mkono wa mwanamume baki, nasi tukajifanya hatukuona.

Tulirudi kwa miguu kupitia Makadara, mavyaa mbele akimhadithia kila tuliyekutana naye, mume wangu na mimi nyuma. Kabla hatujaingia mitaa yetu akasimama. Nikadhani amechoka. Akaniwekea mkono begani, pale barabarani, mchana, watu wakipita. Mume wa Mji wa Kale wa wakati ule hamshiki mkewe njiani, na huyu wangu hata mbele ya mamake alikuwa hanigusi. Mkono ulikuwa mzito.

"N'liogopa," akasema. "Kila n'kisukuma mashine n'lifikiri juu ya paja. Kila siku. N'litaka kukwambia, n'kaona wewe yakutosha yako."

Nikauweka mkono wangu juu ya wake, pale pale barabarani. Miezi yote ile nilikuwa nimemkasirikia nikidhani ninaogopa peke yangu.